Jina la Lacy/Lacey: je, wote wametokana na Ilbert wa 1066? Naomba njia ya kuthibitisha

MsakaNasaba:

Wakuu, habari zenu. Natengeneza chati ya nasaba ya jina la ukoo Lacey. Kuna matawi mawili. La kwanza limefika hadi ndoa ya 1839 mjini Leeds, Yorkshire. La pili limefika hadi mkulima mpangaji wa County Limerick, Ireland, miaka ya 1850, yeye jina lake limeandikwa Lacy.

Pamoja na karatasi hizo ipo ile hati ya mapambo inayouzwa kwa majina ya koo. Inadai mambo matatu: kwamba jina limetoka kijiji cha Lassy huko Normandi, kwamba kila Lacey duniani ni mzao wa Ilbert de Lacy aliyepigana Hastings mwaka 1066, Wanormani walipoiteka Uingereza, na kwamba nembo ya ukoo ni simba wa zambarau juu ya dhahabu.

Naomba kujua lipi kati ya hayo limesimama. Pia, nitokeje 1839 nirudi nyuma bila kuruka pengo? Na kipimo cha vinasaba kitanisaidia au kitanipotezea fedha?

---

MsomaHati:

La kwanza ni kweli. La pili si kweli, na ukijua sababu yake utakuwa umeielewa historia nzima ya jina hili. Nembo nawaachia wanaozijua.

Lassy iko Calvados, kusini-magharibi mwa Caen. Ufaransa kuna Lassy nyingine Ille-et-Vilaine na nyingine Val-d'Oise, na wapo waliokwisha kuchora chati zao kutoka kijiji kisichohusika. Ya Calvados haitegemei kufanana kwa jina tu. Mwaka 1133 ulifanyika uchunguzi wa mali za askofu wa Bayeux, na humo akina Lacy wanaonekana wakishika ardhi ya Lassy na Campeaux chini ya askofu huyo. Ardhi yenyewe ilikuwa imegawanyika kati ya matawi mawili yaliyokuwa tayari Uingereza. Mgawanyo huo ndio hoja nzito kuliko zote inayoonyesha kwamba Ilbert na Walter, wawili waliovuka bahari na jina hilo, walikuwa ndugu. Na tangu zamani bwana wao pale Bayeux alikuwa askofu Odo, ndugu wa mama mmoja na Mfalme William. Familia ya kijiji kimoja ilipata njia ya kufika kwa mfalme kupitia kwake.

Ilbert alipewa ardhi kubwa Yorkshire, makao yake yakawa Pontefract. Ukimtafuta katika Kitabu cha Domesday cha 1086, yaani orodha ya mashamba ya Uingereza na walioyashika, usiandike Pontefract kwa sababu hutaiona. Mahali pale pameandikwa Tateshale, yaani Tanshelf ya leo.

Walter yeye alipewa mpaka wa Wales: Herefordshire, Shropshire na Gloucestershire. Mwaka 1075 alikuwa miongoni mwa waliomzuia Roger, erli wa Hereford, alipoasi. Alikufa 1085 kwa kuanguka kutoka juu ya kanisa la Mt. Petro alilokuwa akilijenga Hereford. Kwa hiyo katika Domesday ya mwaka uliofuata mshika ardhi ni Roger de Lacy, mwanawe. Chati inayomweka Walter hai 1086 imenakiliwa mahali bila kusomwa.

Kuhusu Hastings: watu ambao maandishi ya wakati ule yanathibitisha walikuwa uwanjani ni wachache, hawafiki hata thelathini, na hakuna Lacy kati yao. Orodha ndefu ziitwazo za Battle Abbey ni nakala za karne nyingi baadaye, na familia zilizotaka ukale ziliingizwa humo. Ilbert huenda alikuwepo, huenda hakuwepo. Wewe andika "alishika ardhi Yorkshire kabla ya 1086", hapo hakuna wa kukupinga.

Sasa njoo kwenye hilo la "kila Lacey". Fuata wanaume wa Pontefract. Ukoo wa Ilbert kwa upande wa kiume uliishia kwa Robert de Lacy, aliyekufa 1193 bila mtoto. Mali ikaenda kwa binamu yake, Albreda de Lisours, ambaye mama yake alikuwa Lacy. Albreda alikuwa ameolewa na Richard fitz Eustace, konstebo wa Chester. Mwaka 1194 Albreda akaandikishana mapatano mahakamani na mjukuu wake, Roger, naye konstebo wa Chester: Roger akachukua Pontefract, na jina la de Lacy akalichukua pamoja nayo.

Huyo ndiye Roger de Lacy aliyelinda ngome ya Château Gaillard dhidi ya mfalme wa Ufaransa mpaka ilipoanguka Machi 1204. Mwanawe John alikuwa mmoja wa mabaroni 25 wa kusimamia Magna Carta mwaka 1215, na 1232 akawa erli wa Lincoln. Kilele kilikuwa kwa Henry de Lacy, aliyejenga ngome ya Denbigh na kufa 1311. Hawa wote, wenye jina kubwa kuliko wote waliowahi kuitwa Lacy, kwa baba hawakuwa wa Ilbert hata kidogo. Kwa baba walikuwa uzao wa Eustace wa Chester.

Hata wao hawakudumu. Wana wa Henry walikufa kabla yake, akabaki binti, Alice, aliyeolewa na Thomas wa Lancaster mwaka 1294. Thomas alikatwa kichwa Pontefract 1322, Alice akafa 1348 bila mtoto. Mali ikaingia kwa nyumba ya Lancaster, na ndiyo maana hati za mashamba ya Lacy leo ziko Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, miongoni mwa hati za Duchy of Lancaster, zenye namba zinazoanza na DL. Usizitafute kwenye faili za familia.

Tawi la Walter nalo lilipita njia ile ile. Hugh de Lacy alipewa Meath, Ireland, na Henry II mwaka 1172 kwa sharti la kutoa manaiti 50, akajenga ngome ya Trim, akauawa Durrow 1186. Mwanawe Walter alikufa 1241. Mtoto wa kiume wa Walter alikuwa ametangulia kufa, kwa hiyo kila kitu kiligawanywa kwa wajukuu wawili wa kike: Maud aliyeolewa na Geoffrey de Geneville, na Margery aliyeolewa na John de Verdun. Trim na nusu ya Ludlow (ngome yao ya mpakani mwa Wales) zikatoka hivyo mikononi mwa wenye jina.

Hesabu basi: 1193, 1241, 1311. Mara tatu ukoo mkuu uliishiwa wanaume. Jina lilikuwa likifuata ardhi. Anayedai kutoka kwa mabwana hawa kwa mstari wa baba lazima aonyeshe tawi la pembeni, mdogo wa bwana au mtoto wa nje ya ndoa, kwa hati zenye tarehe. Hapo ndipo hati za mapambo zinapokaa kimya.

---

Karani_wa_Parokia:

MsomaHati kamaliza ya juu. Mimi nachukua ya chini, maana nasaba hujengwa kutoka kwa aliye hai kwenda kwa aliyekufa. Ukianza na Ilbert ukashuka, utafika popote unapotaka kufika.

Ndoa ya 1839 ni bahati njema. Usajili wa serikali Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837, na cheti cha ndoa tangu siku hiyo kinataja baba wa bwana harusi, baba wa bibi harusi, na kazi zao. Agiza cheti chenyewe, faharasa haitoshi. Pakiandikwa "of full age" mahali pa umri, maana yake ni miaka 21 au zaidi. Wengi husoma kama 21 kamili na kumtafuta mtu katika mwaka usio wake.

Kisha sensa. Ya 1841 ina mtego: walio na zaidi ya miaka 15 umri wao kwa kawaida ulishushwa hadi kwenye tano iliyo karibu chini. Aliyeandikwa 25 anaweza kuwa 29. Na mahali pa kuzaliwa imeandikwa tu kama alizaliwa kaunti hiyo au la. Ya 1851, iliyofanyika usiku wa 30 Machi, inataja parokia ya kuzaliwa. Mstari huo mmoja ndio ufunguo wa karne ya kumi na nane. Wa kwako akifa kabla ya 1851, tafuta ndugu zake waliofika, kwa sababu parokia yao mara nyingi ndiyo yake.

Kwa watoto wao waliozaliwa baada ya 1837, tumia faharasa mpya ya ofisi kuu ya usajili, ile ya GRO, inayoonyesha jina la ukoo la mama tangu mwanzo. Faharasa za zamani zinalionyesha kuanzia Septemba 1911 tu. Tofauti hiyo inakutenganishia akina Lacey watatu wa mtaa mmoja kwa dakika chache.

Nyuma ya 1837 unaingia madaftari ya parokia:

Ubatizo kuanzia 1813 uko kwenye fomu zilizopigwa chapa: makazi, kazi ya baba, majina ya wazazi wote wawili. Kabla yake unaweza kukuta "Yohana mwana wa Thomas Lacey" basi.

Lakini kwa Yorkshire kuna zawadi ambayo kaunti nyingi hazina. Kati ya 1777 na 1812 parokia kadhaa za dayosisi ya York zilifuata mfumo wa kasisi William Dade. Daftari la Dade lililojazwa vizuri linataja wazazi, kazi, jina la ukoo la mama, na hata babu na bibi wa pande zote mbili pamoja na makazi yao. Ukipata ubatizo mmoja wa namna hiyo umeokoa vizazi viwili. Si kila kasisi aliufuata, na katika parokia kubwa baadhi waliukwepa kwa wingi wa kazi, basi angalia parokia ya kila ndugu.

Ndoa baada ya 25 Machi 1754 zina saini au alama za wahusika na mashahidi. Linganisha saini. Mashahidi wakiwa na jina la Lacey, waandike pembeni, utawahitaji.

Kabla ya hapo madaftari yanarudi hadi 1538 pale yaliposalia, yakiwa na pengo baya la miaka ya vita na utawala wa Cromwell, takriban 1642 hadi 1660. Nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka tangu 1598 huziba baadhi ya matundu. Za York ziko Borthwick, taasisi ya kumbukumbu mjini York, na wosia za mahakama ya kanisa la York kabla ya 12 Januari 1858 ziko hapo pia. Wosia za wenye mali kubwa zilithibitishwa na mahakama ya kanisa ya Canterbury: hizo ziko Kew, kwenye mfululizo wa PROB 11.

Kosa linaloharibu chati nyingi ni hili: mtu anampata "William Lacey, alibatizwa 1742" katika parokia ya jirani, mwaka unalingana, anamuunganisha. Kabla ya kumuunganisha, mzike. Pitia maziko ya parokia ile ile kwa miaka kumi na miwili tangu ubatizo. Mara nyingi utamkuta mtoto huyo alikufa na miaka miwili, na aliyefuata akapewa jina lile lile. Ukishamaliza maziko, tafuta ndoa na wosia za jirani: je, yupo William Lacey mwingine aliyebaki palepale maisha yake yote? Akiwepo, huyo wa ubatizo huenda ni wake. Fanya hivyo kwa kila kiungo, hata ukichoka.

Matarajio ya kweli: familia ya vibarua au wafuma nguo kwa kawaida hukwama kati ya 1700 na 1780. Waliokuwa na ardhi hata kidogo hufika miaka ya 1500, kwa sababu ardhi huzaa hati. Kutoka 1538 kwenda nyuma utahitaji madaftari ya mahakama za mashamba ya mabwana. Ya manor ya Wakefield yanaanza 1274, hazina ya ajabu kwa eneo lako. Orodha ya kodi ya kichwa ya 1379 ya West Riding, yaani sehemu ya magharibi ya Yorkshire, nayo imesalia vizuri. Kumkuta "Johannes Lacy" humo kunafurahisha, ila kunaonyesha tu kwamba jina lilikuwepo. Mnyororo wake utaufunga kwa shamba lile lile kupita kutoka mkono hadi mkono.

---

MsakaNasaba:

Shukrani sana wakuu, nimenakili yote. Swali dogo: nimepata kumbukumbu za "Ric. de Luci", hakimu mkuu wa Henry II. Mtandao mmoja unamweka kwenye mti wa Lacy. Ni sahihi?

---

MsomaHati:

Hapana, mwondoe. Richard de Lucy, aliyekufa 1179, ni wa ukoo mwingine kabisa wenye asili ya Lucé huko Normandi. Kuchanganya Lacy na Lucy ni ugonjwa wa zamani, na chanzo chake ni mwandiko: katika hati ya kikarani ya miaka ya 1500 na 1600, a iliyoachwa wazi juu na u ni karibu kitu kimoja. Walionakili hifadhidata walisoma haraka.

Ukitafuta kwenye hifadhidata zinazokubali nyota badala ya herufi, usiandike L*cy, itakuletea akina Lucy wote. Tafuta moja moja: Lacy, Lacey, Lacie, Lacye, Lassey, Lasey, Lascy, na kwa hati za Kilatini de Laci, de Lasci, de Lacy. Lascelles ni ukoo mwingine, lakini karani akifupisha "Lasc'" hutajua ni yupi mpaka uone shamba linalotajwa. Shamba ndilo linaloamua.

Na jihadhari na tarehe. Mpaka 1752 mwaka Uingereza ulianza 25 Machi. Mfano mzuri uko kwenye nasaba hii hii: Thomas wa Lancaster aliuawa 22 Machi, na kwa hesabu ya wakati ule ulikuwa bado 1321. Ukiona ubatizo wa Februari 1719 na wazazi waliofunga ndoa Mei 1719, hakuna kashfa. Februari hiyo ilikuja baada ya Mei. Andika 1719/20 kwenye chati yako, kila mtu ataelewa.

Neno la mwisho kwa Uingereza: vijiji kama Stanton Lacy, Stoke Lacy, Holme Lacy, Mansell Lacy na Kingston Lacy vilibandikwa jina la bwana wake. Majina ya ukoo ya watu wa kawaida yalikuwa bado yakiganda miaka ya 1200 na 1300, na mtu aliyehama alitambulishwa kwa alikotoka au kwa bwana aliyemtumikia. Mpangaji angeweza kuondoka na "Lacy" begani bila tone la damu ya Lassy.

---

Mwana_Limerick:

Kwa upande wa Ireland, sahau kwanza ngazi ya Uingereza. Jalada kuu la kumbukumbu Dublin liliteketea 1922, likaondoka na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851 na wosia. Sensa za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa kwa amri ya serikali hata kabla ya hapo. Za kwanza zilizosalia kamili ni za 1901 na 1911. Kwa hiyo unafanya kazi na badala.

Tafuta townland kabla ya kitu kingine chochote, yaani kile kipande kidogo cha ardhi chenye jina. "Limerick" peke yake haitoshi, na "parokia" ina maana mbili: ya kiraia na ya Kikatoliki, mipaka tofauti.

Mkulima wako wa 1850 yumo karibu hakika katika tathmini ya Griffith, iliyochapishwa 1847 hadi 1864 nchi nzima. Inataja mkuu wa nyumba, aliyemkodisha, ukubwa na thamani ya kila kipande. Mke na watoto hawamo. Ila ukiona mabano, mfano "Patrick Lacy (John)", mabano hayo kwa kawaida ni jina la baba, limewekwa kuwatenganisha akina Patrick wawili wa townland moja. Nyuma yake kuna vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837. Jina lile lile kwenye kipande kile kile ni dalili nzuri ya baba na mwana, lakini bado ni dalili.

Madaftari ya Kikatoliki yapo picha zake bure kwenye Maktaba ya Taifa ya Ireland hadi takriban 1880. Mengi ya vijijini Limerick hayaanzi kabla ya 1800. Majina yako kwa Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, na Honora anaweza kuwa Nora au Hanora katika karatasi nyingine. Usajili wa serikali kwa wote ulianza 1864. Tarehe za kuzaliwa humo zisikutie wasiwasi zikifuata tarehe ya ubatizo: wazazi waliochelewa kusajili walisogeza tarehe mbele kukwepa faini. Amini ubatizo.

Sasa kuhusu asili. Akina Lacy wa Limerick, wa Bruff, Bruree na vijiji vya karibu, ni ukoo wa Kinormani wa zamani, na uchunguzi wa ardhi wa 1654 hadi 1656, ambao wa Limerick umesalia, unawaonyesha walioshika ardhi mwaka 1640. Hapo ndipo pa kulenga. Desturi inawaunganisha na Hugh wa Meath, lakini mnyororo wa hati kutoka 1186 hadi Limerick haujafungwa na mtu yeyote kwa kuridhisha. Wapo wanaopitia kwa William Gorm, mwana wa Hugh kwa binti wa mfalme Ruaidrí Ua Conchobair; William huyo alikufa 1233. Hiyo ni nadharia, iandike kama nadharia, kwa mstari wa nukta.

Akina Lacy wa Meath waliobaki walijiunga na Edward Bruce, ndugu wa mfalme wa Scotland, alipoivamia Ireland 1315, wakahukumiwa kuwa wasaliti, na Bruce mwenyewe akauawa Faughart Oktoba 1318. Baada ya hapo jina linapungua sana Meath.

Wa Limerick ndio waliolitawanya Ulaya. Peter Lacy, aliyezaliwa 1678, aliondoka na jeshi lililoshindwa baada ya mkataba wa Limerick wa 1691, akawa jemadari mkuu Urusi na kufa 1751. Mwanawe Franz Moritz, aliyezaliwa St Petersburg 1725, akawa jemadari mkuu wa Austria, akafa Vienna 1801. Ukikuta Lacy wa Vienna au Riga, anzia hapo.

Tahadhari: Wexford jina Lacey au Leacy linaweza kuwa jina la Kigaeli lililoandikwa upya kwa Kiingereza. Ndiyo maana nasema townland kwanza.

---

Bi_Nembo:

Hilo la simba. Ni kweli alikuwa wa Lacy, lakini wa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Orodha ya nembo ya mazingiwa ya Caerlaverock, 1300, inamtaja Henry, erli wa Lincoln, na bendera ya hariri ya manjano yenye simba wa zambarau aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Mstari huo ukaisha na Henry.

Kabla yake konstebo wa Chester walitumia ngao ya robo nne, dhahabu na nyekundu, na mkanda mweusi wa mshazari. Tawi la Meath lilikuwa na ngao ya dhahabu na mkanda mwekundu uliopita katikati kwa mlalo. Ngao tatu, jina moja. Na Ilbert hakuwa na yoyote kati ya hizo, kwa sababu nembo za kurithi zilianza katikati ya miaka ya 1100, yeye akiwa kaburini zamani.

Nchini Uingereza nembo ni ya mtu aliyepewa na wazao wake halali kwa mstari wa kiume. Kuwa na jina hakukupi haki. Ukitaka kujua kama tawi lako liliwahi kuwa na nembo, angalia ziara za wakaguzi wa nembo, 1530 hadi 1688, za Yorkshire: humo wamo akina Lacy wa Cromwellbottom karibu na Halifax, na hao ndio tawi la pembeni ambalo ningelichunguza kwanza kwa ndoa ya Leeds. Soma kwa makini vizazi vitatu vya karibu na tarehe ya ziara, vilitajwa na watu waliowajua. Vile vya juu vilitajwa na watu waliotaka kupendeza, vithibitishe upya.

---

Karani_wa_Parokia:

Naongezea Cromwellbottom: wako parokia ya Halifax, upande wa Southowram. Parokia ya Halifax ni kubwa mno na ina vikanisa vingi, basi ubatizo usipoonekana kanisa kuu, angalia vikanisa kabla ya kusema haupo.

---

DNA_na_Hati:

Kipimo cha vinasaba: ndiyo, kwa swali dogo.

Kromosomu Y hupita baba kwa mwana, kama jina linavyotarajiwa kupita. Pima mwanamume mwenye jina Lacey kutoka kila tawi, la Leeds na la Limerick. Anza na alama 37, yaani sehemu 37 za kromosomu hiyo zinazolinganishwa. Za chini ya hapo hulinganisha watu wasiohusiana na kukupa furaha ya bure. Wakikaribiana katika 37, panda hadi 111 au kipimo kirefu cha Y, ambacho ndicho kinachoweza kukadiria karne ya babu wa pamoja. Wakitofautiana mno katika 37, acha, umeshajibiwa: hawana babu wa kiume wa pamoja katika kipindi cha majina ya ukoo.

Kisichowezekana ni kumfikia Ilbert. Hakuna mabaki yake yaliyopimwa ya kulinganisha nayo, na hata yangekuwepo, MsomaHati kashaeleza kwamba kuanzia 1194 mabwana wa Pontefract walibeba Y ya Eustace wa Chester. Kundi la R1b likitokea, kampuni nyingi zitakupa ramani yenye Normandi. R1b ndilo kundi la wanaume wengi wa Ulaya magharibi, wa Kinormani, wa Kigaeli na wa Kiingereza. Halikuambii chochote kuhusu Lassy.

Vipimo vya ukoo kwa ujumla, vile visivyo vya Y, vina nguvu hadi vizazi vitano au sita. Kwa ndoa ya 1839 hiyo inatosha kabisa: pima wazee wa familia waliobaki kabla ya vijana, kwa sababu kila kizazi hupoteza nusu. Kisha tafuta walingani, yaani watu ambao vinasaba vyao vinalingana na vyenu, ambao mti wao una Leeds lakini hauna Limerick, uwaweke kundi lao.

---

MsakaNasaba:

Nimeagiza cheti cha ndoa. Baba wa bwana harusi kwenye faharasa ya kanisa ameandikwa "Lacey, mfuma nguo, Elland". Je, nianze na Halifax moja kwa moja?

---

Karani_wa_Parokia:

Ndiyo. Elland kilikuwa kikanisa ndani ya parokia ya Halifax, kina madaftari yake. Anza ubatizo wa 1800 hadi 1820 hapo, kisha Halifax kanisa kuu, kisha maziko ya miaka hiyo hiyo. Andika kila Lacey unayemkuta, hata asiye wako, pamoja na kazi na kitongoji. Ukifika 1777–1812, tazama kwanza kama kasisi wa hapo alifuata Dade. Akiwa alifuata, lete picha hapa tusome pamoja.